Sauti ya Tano

Mwalimu Andendekisye alifunga ngumi, na kwaya ikanyamaza. Midomo ishirini na mitatu ilifungwa mbele ya macho yake, kwenye mabenchi manne, kila benchi na sauti yake. Lakini kuna kitu hakikunyamaza. Kilibaki juu ya vichwa vyao, chembamba, chenye mikwaruzo kama msumeno kwenye mbao mbichi. Kilipanda hatua mbili, kikashuka moja, ndipo kikakatika.

"Nani huyo?" aliuliza.

Wanakwaya walitazamana. Anord, mwenyekiti wao, mtu mwenye besi nzito na utani usiojua mahali, alijibu kutoka benchi la nyuma.

"Ni tumbo langu, Mwalimu. Tangu asubuhi halijaona kitu."

Walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameifundisha kwaya ile ya Kilutheri, huko milimani juu ya Uyole, kwa miaka thelathini na mmoja, na sikio lake halikuwa la kudanganywa na tumbo la mtu. Tena kilichomsumbua si kwamba ile sauti ilikuwepo. Kilichomsumbua ni kwamba ilikuwa sahihi. Ilikaa mahali pake, juu ya sauti ya kwanza, kana kwamba imeandikiwa.

"Turudie," alisema.

"Mwalimu," Anord alisema, safari hii bila utani, "huu wimbo hauna maneno. Wiki ya tatu sasa tunaimba do, la, so. Nota zenyewe zimebanana kama namba za vocha. Watu wanauliza tunamwimbia nani."

"Waambie waje waniulize mimi."

Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Wote walijua wimbo umetoka wapi, na waliijua hasira ya mwenye nao.

Ulikuwa wimbo wa mwanawe. Brayson alikuwa fundi wa redio na spika mjini Iringa, kijana wa miaka ishirini na saba, na kila shilingi iliyobaki baada ya kula aliimalizia kwenye gitaa la umeme. Hakupiga mapambio wala muziki wa dansi. Alipiga ule muziki mzito wa chuma, gitaa likinguruma kama lori linalopanda mlima na shehena yake, hakuna mwimbaji, hakuna neno hata moja. Baba yake alimwambia hizo ni kelele. Kijana akanuna, baba naye akanuna, ikapita miaka miwili. Mwezi wa sita Brayson alipanda basi kwenda nyumbani kumsalimu mzee. Njiani, pale Igawa, basi likagongana na lori. Gitaa lilifika Mbeya likiwa zima ndani ya mkoba wake.

Siku ya maziko Mchungaji Gideoni alisimama mbele ya jeneza na kusema maneno ambayo Mwalimu aliyameza bila maji.

"Wapendwa, wimbo usio na neno ni nyumba isiyo na mwenyewe. Hujui nani atahamia. Vijana, jifunzeni kwa huyu aliyelala hapa."

Andendekisye alikuwa mzee wa kanisa. Alishika kofia yake kwa mikono miwili na kunyamaza. Wakati wa kutupa udongo alitupa. Watu walipompa pole alisema ni mipango ya Mungu. Mchungaji alipomnyooshea mkono, aliupokea. Lakini tangu siku ile alianza kusaga meno usingizini, na binti yake Sekela, aliyekuwa amebaki naye peke yake pale nyumbani, aliyasikia kutoka chumba cha pili, kwaruu, kwaruu, kama mtu anayesaga ulezi juu ya jiwe.

Arobaini ilipopita aliichukua simu ya marehemu akatafuta ule muziki aliojirekodi. Alitaka kuujua ubaya ambao mwanawe alisimangiwa akiwa hawezi kujibu. Aliusikiliza mara ya kwanza akasikia mashine ya kusaga mahindi. Mara ya pili akasikia mashine mbili.

"Tata, punguza mwendo," Sekela alimwambia baba yake. "Hapa, bonyeza hapa. Itakwenda nusu."

Ikaenda nusu. Na ile kelele ikafunguka, kama ukungu unavyoondoka mlima Loleza, ukaona kumbe kule juu kuna njia, kuna mashamba, kuna watu. Mwalimu alisikia ngazi ya la, ile ya huzuni, ambayo so yake hupandishwa nusu hatua kama katika nyimbo za wiki ya mateso. Alisikia sauti moja ikianza safari, ya pili ikiifuata hatua tano juu yake na kusema yaleyale, ya tatu ikija chini yao bila haraka, na besi ikiwabeba wote. Hiyo ilikuwa kazi ya wale Wajerumani wa kale waliotunga kwa ajili ya kinanda cha kanisa, ambao yeye alijifunza nota zao akiwa mtoto wa miguu mitupu. Zile mbio za nyuzi alizoziona ni majivuno zilikuwa akodi zilizovunjwa na kupangwa moja moja kama shanga, na hakuna ushanga uliokosea rangi. Na ule mngurumo haukuwa uchafu. Ulikuwa unaifanya nota moja ishike na kulia mpaka mwisho wake, kitu ambacho koo la mtu haliwezi. Mtoto hakuwa amekikimbia kitabu cha baba yake. Alikichukua, akakifungia injini.

Andendekisye hakulia. Alikasirika zaidi, maana sasa alijua walikuwa wamezika nini.

Alinunua daftari kubwa akaanza kuuandika, nota kwa nota, sauti nne. Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, mwezi wa kumi na moja, kwaya ingeuimba wimbo ule mbele ya Gideoni, bila neno hata moja. Hakuomba ushauri. Katika sala zake za asubuhi alisema, "Bwana, nimewasamehe wote," na alipofika kwenye "amina" meno yalikuwa yameshikana.

Basi Jumamosi ile, baada ya kusikia kilichobaki hewani, alirudi nyumbani akaweka kigoda nje, kando ya viazi vilivyoanikwa, jua likiwa bado kali, akaisikiliza tena simu. Akaikuta. Juu ya zile nne kulikuwa na sauti ya tano. Angeweza kuapa kwamba wiki iliyopita haikuwepo. Alianza kuiandika, na penseli haikusimama hata mara moja. Mkono ulikwenda kabla ya sikio, kurasa nne, na mahali ambapo muziki wa Brayson ulikatika bila kumalizika, mkono ukaendelea kidogo mbele.

Alipokagua kazi yake aliona jambo moja tu la ajabu. Katika kila wimbo yeye huweka alama ndogo mahali pa kupumulia. Katika ile sauti ya tano hapakuwa na nafasi ya kuiweka.

"Gitaa halina mapafu," alijisemea, akafunga daftari.

Jumamosi iliyofuata ndipo alipofanya kosa. Katika kwaya ile, mgeni anaweza kuimba mwaka mzima akiwa amesimama ukutani, na hakuna anayemhesabu. Siku akipewa benchi, mwalimu humwekea mkono begani na kusema, "Karibu, keti, hapa ni pako." Kuanzia hapo ni wa kwaya, hata akikosea hafukuzwi, mpaka aondoke mwenyewe au afe. Andendekisye alitoa benchi fupi katika chumba cha watoto wa Sunday school, akaliweka mbele, pembeni ya yale manne. Kabla hajamwita yeyote, kwa mazoea tu, aliweka mkono hewani juu ya benchi tupu akasema, "Karibu, keti, hapa ni pako."

Benchi lililia kidogo, kama mbao inapopata uzito.

"Sekela," aliita. "Toka sauti ya pili, ukae hapa."

"Peke yangu, tata?"

"Peke yako."

Sekela alikuja. Alikaa ukingoni, kisha akajisogeza zaidi, kama abiria anayempisha mwenzake.

"Unampisha nani?" Anord aliuliza, na watu wakacheka.

Sekela alitazama nafasi iliyokuwa kando yake. "Sijui," alisema. "Nimejikuta tu nimesogea."

Waliimba. Mwalimu hakuwahi kusikia kitu kama kile katika kanisa lake lenye bati lililotoboka. Zile sauti nne zilikimbizana kama Brayson alivyozipanga, na juu yao binti yake alipanda akiwa na mkwaruzo kooni ambao hakuzaliwa nao, akateremka mbio nota kumi na sita kwa pigo moja, safi, kila moja mahali pake. Mwalimu alisikia baridi mgongoni na furaha kifuani kwa wakati mmoja. Moyoni alisema, sasa na waje wamwambie mwanangu alikuwa shetani. Akafunga ngumi. Sauti nne zikakatika. Sekela akaendelea.

"Basi, mama," alimwambia. "Inatosha."

Aliendelea. Macho yake yalikuwa yakimwomba baba yake kitu, na mdomo haukuwa unayafuata macho.

Aliendelea njiani, wakipita kwenye mikaratusi, kwa sauti ya chini. Aliendelea akikoleza moto. Jumatatu alikunywa maji, na Mwalimu akaona koo likimeza huku wimbo ukitoka vilevile, hivyo akajua hautoki kooni. Hospitalini walimpima damu, hawakuona kitu, wakampa dawa za usingizi. Akalala, na wimbo haukulala. Nyumba ilianza kunuka risasi ya kuchomelea waya, ile harufu ya nguo za Brayson alipokuwa akitoka kazini, na Mwalimu aliipokea harufu hiyo kwa moyo mkunjufu siku ya kwanza, lakini siku ya pili chini yake palikuwa na dizeli, na siku ya tatu chini ya dizeli palikuwa na nywele zilizoungua, na vidole vya mkono wa kushoto vya binti yake vilikuwa vikitembea juu ya blanketi, vikibonyeza nyuzi ambazo hazikuwepo, mpaka ncha zake zikachubuka na kutoa damu, na midomo yake ikageuka rangi ya zambarau, kwa sababu mtu anayeimba wimbo usio na mahali pa kupumulia anaiba pumzi kidogo kidogo, na kila siku alikuwa akiiba kidogo kuliko jana.

Anord alikuja na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, tumwite Mchungaji amwombee."

"Mguu wake hautakanyaga hapa."

"Ni mtoto wako anayekufa."

"Nimesema hautakanyaga."

Anord aliweka ndizi chini akaondoka, hakuwa na mzaha wowote wa kuacha.

Saa nane za mchana siku ile, mvua ya mawe ikipiga bati, Mwalimu alipiga magoti kando ya kitanda akauliza kile alichokuwa akiogopa kukiuliza, na aliogopa jibu la ndiyo sawasawa na jibu la hapana.

"Brayson. Ni wewe?"

Wimbo ulisimama. Sekela alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku nne. Kisha mdomo ukasema, taratibu, kwa sauti yenye mikwaruzo:

"Kijana wako alifika alikokwenda. Mimi ni yule uliyempa benchi."

"Unatoka wapi?"

"Barabarani. Nilikuwa Igawa, nakaa pale wanapokaa wengi. Nikasikia mzee anasaga meno mpaka kule. Nikasema, hiyo ni nyumba yenye moto. Nikaja kuota." Mdomo ulitabasamu. "Chukua penseli, Mwalimu. Wimbo haujaisha. Mimi najua unavyoisha."

Na Mungu alimwona: mkono wake ulienda mfukoni kutafuta penseli. Ulifika mpaka ukaishika. Ndipo midomo ya Sekela ikaanza tena kugeuka rangi, na wimbo ukaanza, naye akaitupa penseli ukutani na kutoka nje kwenye mvua, akimpigia simu dada yake huku akilia.

Esnath, dada yake mkubwa, alifika kutoka Tukuyu kesho yake asubuhi. Alikuwa kiongozi wa umoja wa wanawake kanisani kwao, mwanamke mfupi asiyepoteza neno. Alimtazama Sekela, akamtazama mdogo wake, akaomba bakuli la maji.

"Kitu hiki hakimli mtoto," alisema. "Kinakula kwako, mtoto ni sahani tu. Baba zetu walijua. Mzee akikasirika akanyamaza, pumzi yake inatoka usiku kuua watoto. Ndiyo maana kabla ya tambiko walikalishwa chini, kila mtu aseme hasira yake yote, na jina la aliyemkosea. Akimaliza anapuliza maji."

"Dada, hiyo ni mila. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na kutubu ni nini, gwe Ande? Kunong'ona huku umeuma meno?" Alimsogezea bakuli. "Sema yote. Ukibakisha, hakitakosa pa kula."

Alikaa chini, sakafuni. Alianza kwa sauti ndogo, lakini hasira haijui kusemwa kwa sauti ndogo, na baada ya muda alikuwa akipiga sakafu kwa kiganja.

Alimkasirikia dereva wa lori. Alimkasirikia Brayson, aliyejua kutengeneza kila redio ya Iringa akashindwa kupiga simu moja. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kuita kelele kitu ambacho hakukisikiliza. Alimkasirikia Mungu, na alipolisema hilo alitazama juu kwenye bati akangoja, na hakuna kilichomwangukia.

"Endelea," Esnath alisema.

"Nimemkasirikia Sekela." Hakuweza kumtazama. "Kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki. Siku walipoleta jeneza nilisema moyoni, heri angekuwa huyu."

Wimbo kitandani ulitetemeka, ukapoteza pigo. Machozi yalikuwa yakishuka mashavuni mwa binti, na hayo yalikuwa machozi yake mwenyewe, si ya mgeni.

"Mwingine?"

Mvua ilikuwa imekatika. Andendekisye alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, juu ya ulimi, la moto na tamu. Alimwona Gideoni na kanzu yake nyeusi, na kidole chake kikielekea kwenye jeneza. Zile hasira nyingine zilikuwa dhambi, alizisema na alifurahi kuzitoa. Hii ilikuwa haki. Mtu hatubu haki yake. Na akiitoa hii, ni nini kingebaki ndani yake cha kumkumbukia mwanawe?

"Umemaliza?" Esnath aliuliza.

"Nimemaliza."

Dada yake alimtazama muda mrefu, kisha akampa bakuli. Alijaza maji mdomoni, akayapuliza usoni pa binti yake. Sekela alishtuka kama mtu aliyetolewa mtoni. Alikohoa kitu cheusi, chembamba na kirefu kama uzi wa chuma, kikaanguka sakafuni kikayeyuka. Akapumua. Akapumua tena. Nyumba ilinuka viazi na moshi wa kuni, basi.

"Ndaga, tata," alishukuru kwa sauti yake mwenyewe, iliyokauka.

Jumapili wote watatu walikwenda ibadani. Ukungu ulikuwa umekaa madirishani, na watu waliwapokea kwa vigelegele. Benchi fupi lilikuwa limesharudishwa kwa watoto, na daftari lilikuwa limechomwa. Mwalimu aliongoza wimbo wa kufungua na wa mahubiri, nyimbo za kitabuni, zenye maneno. Gideoni alihubiri vizuri. Alimshukuru Mungu kwa kupona kwa Sekela, akasema vijana wajihadhari, nyumba isiyo na mwenyewe huhamiwa. Andendekisye alimsikiliza ametulia. Ndani ya shavu meno yalikutana, kwaruu.

Mchungaji alipanua mikono kutoa baraka. Alifungua mdomo.

Nota iliyotoka ilikuwa la ya juu, yenye mkwaruzo, na ilishika bila kutetemeka. Baadhi ya watu walidhani spika imeharibika. Kisha ikaanza kuteremka mbio, shanga baada ya shanga, na mikono ya Mchungaji ilibaki imepanuliwa huku vidole vya kushoto vikibonyeza hewa, na macho yake yakitafuta, yakipita juu ya washarika mmoja mmoja mpaka yakampata Mwalimu wa kwaya, yakabaki hapo yakiomba.

Esnath alikuwa ameshasimama, chupa ya maji mkononi. "Ulibakisha," alisema kwa mnong'ono mkali. "Ande, ulibakisha nani? Sema jina. Liseme sasa hivi, maji haya hapa."

"Tata," Sekela alisema, akimvuta mkono wa koti. "Tata, tafadhali. Mimi naijua hiyo. Inauma."

Neno moja lingetosha. Alilijua. Alifungua mdomo alitamke, na hapo wimbo ukafika pale ambapo Brayson aliishia, pale pa kukatika, ukapita, ukaingia mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kusikia, na pakawa pazuri. Ile la ya huzuni ilianza kugeuka, polepole, ikitafuta nyumba. Mchungaji alikuwa amegeuka zambarau midomoni. Yalikuwa yamebaki labda mapigo hamsini wimbo uishe.

Mkono wa kuume wa Mwalimu uliinuka kutoka gotini na kuanza kuhesabu mapigo.

Kwaya iliuona ule mkono. Miaka thelathini na mmoja ilikuwa imewafundisha kutouliza. Walisimama, benchi kwa benchi, Anord akiwa wa kwanza na uso umemkauka, wakaziingiza zile sauti nne chini ya ile ya tano, na wimbo ukajaa kanisani mzima mzima, mpaka vioo vikalia. Sekela peke yake alibaki ameketi, ameziba mdomo kwa mikono miwili, akimtazama baba yake.